Mstari Mweupe

Omo ya mashua yetu ilikuwa inadidimia, tezi, yaani nyuma yake, imekwama juu, na mume wangu Cyril ameung'ang'ania usukani, hasogei. Maji yalikuwa yakiporomoka chini yake. Mimi nilikuwa ukingoni, nimeshika chuma cha kuzungushia vilango vya maji, na kwa nukta moja nilisahau hata kinazungushwa upande gani.

Asubuhi ile ya Mei tulikuwa tumeondoka bila haraka, tukiteremka mfereji wa Shropshire, huku Uingereza, kwa mwendo ambao kondoo wa malishoni wangeweza kutupita. Mashua ile nyembamba tulikuwa nayo miaka ishirini na miwili. Cyril huongoza, mimi hushuka penye malango ya kushushia mashua, nikaifungia mashua kwenye chumba cha maji, kisha nikayatoa maji taratibu kupitia vilango vidogo mpaka ishuke usawa wa mfereji wa chini. Hatari ni moja. Nyuma ya chumba kuna kizingiti cha jiwe kilichofunikwa na maji. Mashua ikibaki juu yake maji yakipungua, nyuma hukwama na mbele huzama. Ndiyo maana ukutani pamepakwa mstari mweupe: ukiupita, uko salama.

"Umeupita mstari?" nilimuuliza, kama siku zote.

"Nimeupita, bosi. Fungua."

Nikafungua.

Sasa vyombo vilikuwa vikivunjika ndani. Nilifunga vilango vya chini, nikakimbia na goti langu bovu hadi upande wa juu, nikaachia maji yaingie kidogo kidogo. Tezi ilijinasua kwa mlio kama wa mfupa, na mashua ikakaa sawa.

Mwenye mashua iliyokuwa ikisubiri nyuma yetu, bwana mmoja aitwaye Prosser, alikuja mbio. Alipoona hakuna aliyeumia, ulimi ukamrudia.

"Mzee, ulikuwa umelala?"

"Nilisinzia," Cyril akasema.

"Usukani si mto wa kulalia, baba."

Cyril aliinamisha kichwa. Katika miaka arobaini ya ndoa yetu hakuwahi kukubali kuitwa mzembe, hata pale alipokuwa mzembe kweli. Tena nilikuwa nimemwona: macho yake yalikuwa wazi muda wote.

"Kosa langu," nikamwambia Prosser. "Nilimwamsha alfajiri mno."

Tulitia nanga mbele kidogo, chini ya mierebi. Nilizoa vigae, nikachemsha chai, nikamsogezea Cyril mkate wa jibini. Mkono wake ulipapasa meza, ukaupita mkate, ukarudi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Pasaka. Pembeni naona. Katikati pana doa. Nikikutazama usoni, Mavis, naona masikio tu."

"Na ndiyo mabaya kuliko vyote nilivyo navyo."

Alicheka kidogo, kisha mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine.

"Ungenipokonya usukani," akasema.

"Ningekupokonya."

"Basi."

Nilitaka kumfokea. Angeweza kufa mbele yangu, kwa maji niliyoyafungulia mimi, kwa sababu hakutaka kusema neno moja. Lakini alikuwa akikusanya makombo mezani kwa ncha ya kidole, moja moja, akiyakosa, nikayasogeza karibu na kidole chake.

Baada ya chai alitangulia kutoka. Alisimama kulia kwa usukani, mahali ambapo husimama mimi, akaacha pake wazi. Nikawasha injini. Niligonga ukingo mara mbili kabla ya kupata njia.

"Mbele kuna nini?" akauliza hatimaye.

"Daraja. Ng'ombe wanne wamesimama majini. Mwanamke anaanika mashuka."

"Ya rangi gani?"

Nikamwambia. Akauliza swali la pili, na la tatu. Jioni ilipofika, sauti ilikuwa imenikauka kwa kumsimulia njia nzima.