Dole Gumba la Mama Dirar

Mama Dirar alimwona msichana tangu akiwa chini kabisa, kwenye kona ya kisima. Hadi anafika mlangoni alikuwa amesimama njiani mara tatu, na mara zote tatu alitazama shamba.

"Anavuta pumzi," Mama Dirar alisema, ili tu asikie atajibiwa nini.

"Anapima," alisema shemeji yake Nayef, akatema ganda la mbegu ya tikiti.

Msichana aliitwa Solveig, Mnorwei wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amejitolea miezi mitatu kwa chama cha makanisa kinacholeta vijana wa nje vijijini, washuhudie yanayotendeka, wayaandike, kisha wakayaseme Geneva mbele ya wakubwa wa dunia. Alivaa kizibao cha kaki chenye picha ya njiwa mgongoni. Jina lake liliwashinda wanakijiji, wakamwita Salwa, naye akaitika. Hilo Nayef hakulipenda. Mtu anayeitikia jina lolote, alikuwa akisema, la kwake kalificha.

Salwa alikuja kwa ajili ya miti. Mwezi wa pili, asubuhi kweupe, wanaume wa makazi ya walowezi walishuka na misumeno kutoka kilima cha ng'ambo wakaangusha mizeituni kumi na minane ya Mama Dirar, ile ya tuta la chini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Aliyewaona kwa macho yake ni yeye peke yake. Salwa alikwisha kuja mara nne kumsikiliza, na leo alileta ushahidi umeandikwa tayari, bado kutiwa dole gumba tu. Keshokutwa alikuwa anapanda ndege. Bila dole, alisema kwa Kiarabu chake cha kuchechemea, ile miti haitatajwa popote, na itakuwa kama haikukatwa. Na wale wanaume walishaonekana wakikagua tuta la pili.

Dole ndilo lililomtia Mama Dirar wasiwasi. Mwaka juzi alikuja mwanamume mpole, naye ana njiwa mgongoni, naye ana daftari. Alimwonea huruma mama mkwe wa Mama Dirar, mama yake Nayef, bikizee asiyejua kusoma, akamwandikia malalamiko yake, kisha akamshika mkono akambonyezea dole chini ya karatasi. Baada ya miezi sita shamba la bikizee lilikuwa na mwenyewe mwingine, mwenye hati ya mauzo. Malalamiko ya juu yalikuwa yamekatwa kwa mkasi, na mauzo yameandikwa kwenye nafasi tupu iliyobaki, dole la bikizee likiwa chini yake. Alikufa huku akilitazama lile dole kama si lake.

Mama Dirar naye hakujua kusoma.

Alichemsha kahawa ya iliki, akammiminia mgeni. Salwa alipokea finjani kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaiweka chini kwenye mkeka. Hakuinywa.

Nayef aliacha kutafuna.

Mgeni akiiweka kahawa chini bila kuionja, ana ombi zito kwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba akimwambia kunywa, amekwisha kulikubali, hata kama hajalisikia. Hivyo ndivyo wanavyoposa, ndivyo wanavyoombana radhi hata ya damu, na baada ya neno hilo hakuna kurudi nyuma.

"Umeona?" Nayef alisema harakaharaka, ili msichana asidake maneno. "Kafundishwa. Huyu haombi dole, shemeji. Anakufunga kamba."

Mama Dirar aliitazama ile finjani ikifuka moshi. Akimwambia kunywa, dole limekwenda. Asipomwambia, vijiji vyote vitasikia kwamba nyumba ya marehemu imemrudisha mgeni na kiu yake. Na mara nne zilizopita msichana huyuhuyu alikunywa hadi mashapo.

"Salwa," alisema, "leo kahawa yangu ina nini?"

Msichana akawa mwekundu hadi masikioni. Alisema haina kitu. Akaeleza kwa maneno ya kuokoteza kwamba ni amri ya wakubwa wake: siku ya kutia dole, shahidi na mwandishi wasipeane kitu, hata maji, mpaka dole litiwe. Asije mtu Geneva akasema mwandishi alilishwa, akaandika alichoambiwa.

"Yaani wananidhania nitakuhonga kwa kahawa."

"Ndiyo," Salwa alisema, akainamisha kichwa. "Wanashuku kila mtu. Hata mimi."

Nayef alicheka. "Kumbe wana akili."

Mama Dirar hakucheka. Alikuwa akimkumbuka yule mwanamume mpole. Siku ya dole alikunywa finjani tatu, akasifia iliki, akaomba ya nne. Dalali hamuudhi mwenye shamba siku ya mwisho. Huyu alikuwa ameudhi, na alijua kwamba anaudhi.

Lakini hilo halikumtosha. Akataka karatasi, akampa Nayef aliyesoma hadi sekondari, amsomee. Nayef alisoma kwa sauti kubwa kama ya redio. Alipomaliza, Mama Dirar akamtuma nje akawaangalie mbuzi, akamgeukia msichana.

"Sasa soma wewe."

Salwa alisoma kama mtu anayepanda ngazi na sinia iliyojaa vikombe, neno moja, kisha jingine. Misumeno mitatu, kwa Nayef pia ilikuwa mitatu. Miti kumi na minane, sawa. Kisha akasoma: *Shemeji yangu Nayef alikuwa nyumbani kwake. Nilimwita, hakutoka.*

Mama Dirar akamwinulia mkono aishie hapo. Maneno hayo aliyasema mwenyewe, ziara ya pili. Nayef hakuyasoma.

Wiki nzima Nayef ndiye aliyekuwa akimpigia kelele kwamba karatasi hii ni mtego.

"Huo mstari uko wapi? Nionyeshe."

Ulikuwa katikati ya ukurasa, maneno juu yake, maneno chini yake. Mama Dirar akachovya dole kwenye wino, akalibonyeza papo hapo.

"Si hapo, Mama Dirar," Salwa alisema. "Ni chini, kwenye mstari wa nukta. Huenda wakaikataa."

"Waambie mwanamke huyu anashuku watu kama wao wanavyoshuku. Hapo hakuna mkasi utakaopita. Na huko chini palipo patupu, chora mistari mpaka pajae."

Salwa alichora. Mama Dirar akamwaga kahawa iliyopoa, akammiminia nyingine ya moto, na Salwa akainywa pale pale.

Nayef aliporudi kutoka kwa mbuzi, aliona wino kwenye dole la shemeji yake, kisha akaona lilipobonyezwa. Alikaa mahali pake, na Mama Dirar akammiminia na yeye.

Nayef akaipokea finjani, akaiweka chini kwenye mkeka, akaikunjia mikono.

Ombi lake Mama Dirar alilijua: karatasi isiende na mstari ule. Aliikunja karatasi mara mbili, akampa Salwa, akamwambia awahi gari kabla jua halijawa kali. Alisimama mlangoni akimfuata kwa macho hadi kwenye kona ya kisima, na safari hii msichana hakusimama hata mara moja.

Nyuma yake, kwenye mkeka, ile finjani ilikuwa inapoa. Hakumwambia kunywa.