Mkanda Mpya wa Mbuzi

Hebu nikutegee kimoja kabla hujakaa vizuri. Ninaye nyoka asiye na kichwa wala mkia. Anakimbia kutwa nzima na nyumbani kwake hatoki. Ni nani huyo? Fikiri. Fikiri tena. Umeshindwa? Basi mji wako baki nao, maana mimi hata ua wangu unanishinda kufagia. Nyoka huyo ni mkanda, ule mkanda wa mpira unaozunguka ndani ya pikipiki ya magurudumu manne, unaochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Ukiwa mzima hakuna anayeukumbuka. Siku ukigoma, nyumba nzima haina mazungumzo mengine.

Nyumba ya Mama Mbio iligomewa asubuhi moja, jua likiwa tayari limekuwa kali. Aliingia uani ameshika usukani, majirani wawili wakisukuma kwa nyuma huku wakihema.

“Huyu Mbuzi wako anakula mawe?” mmoja akauliza, akijifuta jasho.

“Asanteni wanangu. Mungu awape migongo mingine.”

Mbuzi ndilo jina la pikipiki hiyo, kwa jinsi ilivyozoea kupanda vilima. Kila alfajiri Mama Mbio huipakia madumu ya maziwa ya ng'ombe wa jirani zake wote, akapanda kilima mpaka kituo cha kupozea maziwa. Siku hiyo walifika katikati ya kilima, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, magurudumu yakakaa kimya. Pakanuka mpira ulioungua. Hadi msaada unapatikana, maziwa yalishachacha, na msimamizi wa kituo hakumficha neno kwenye simu: “Mama, nakuheshimu. Lakini yakichacha tena kesho, kijiji chenu nakitoa kwenye orodha ya mapokezi. Mtakamua mnywe wenyewe.”

Mama Mbio akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi. Hakulia wala hakulalamika. Alikaa tu, kama gunia lililoshushwa na mtu aliyekuwa na haraka. Tangu mumewe avunjike nyonga, usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande: amgeuze ubavu huu, ampe maji, amgeuze ubavu ule, na jogoo huyo anawika. Jina la Mama Mbio alipewa zamani, alipokuwa na mbio kweli. Sasa mbio zimekwisha, haraka imebaki.

Mkamwana wake akatoka jikoni na kikombe cha maji. Huyu ni binti wa fundi cherehani, ndiyo maana mkwewe humwita Binti Cherehani. Mumewe, mtoto wa nyumba hiyo, alikuwa kazini mbali, na humo ndani walikuwa watatu tu.

“Pole, mama.”

“Nimeshapoa.”

Binti Cherehani akamtazama anavyokunywa, maji mengine yakiishia kidevuni. “Mama, kesho niende mimi?”

Mama Mbio akashusha kikombe. Pikipiki hiyo binti aliiendesha kwenda kisimani tu, na kilimani hakuwahi kuifikisha. Tena, akienda mkamwana, yeye atabaki kuwa nani? Hilo ndilo lililomzuia kusema ndiyo.

“Lete spana,” akasema. “Na sahani pana.”

Wakaiinua Mbuzi nyuma kwa jeki, wakatia gogo chini. Kifuniko cha mkanda kilikuwa ubavuni, pale pa kuwekea mguu, kimeshikwa na boliti nyingi. Dirisha la chumba cha mgonjwa, kitanda kikiwa kimesogezwa chini yake, lilikuwa hatua chache tu, na sauti ya mzee ikatoka kabla uso wake haujaonekana.

“Boliti msizichanganye! Kuna fupi na ndefu!”

“Tumesikia, baba.”

“Mkisikia mseme mmesikia!”

“Si amesema?” Mama Mbio akajibu. “Nyonga imevunjika, masikio nayo yameenda kuisalimia?”

Mzee akacheka, kisha akaguna kwa maumivu ya kucheka. Binti Cherehani akazipanga boliti kwenye sahani kwa duara, kila moja mahali pake kama zilivyokaa kwenye kifuniko. Mama Mbio angezitupa zote kwenye kopo.

Kifuniko kilipotoka, Mama Mbio akapitisha kidole juu ya mkanda. Kidole kikarudi kinateleza. Akakinusa.

“Mafuta. Mkanda haupakwi mafuta, ndiyo maana umeteleza. Nani kapaka mafuta humu?”

Kuku akapita. Binti Cherehani akainama akawa mdogo.

“Ni mimi, mama. Juzi mkanda ulikuwa unapiga kelele, wii, wii. Kwetu mashine ikilia inapewa mafuta. Nikachukua kale kakopo ketu kenye mdomo mrefu, nikapitishia kwenye tundu la chini la kutolea maji.”

“Kakopo ka cherehani?”

“Ndiyo, mama.”

“Ukampaka Mbuzi mafuta ya kushonea?”

“Nilimpa mengi, mama. Nilimwonea huruma.”

Mama Mbio akafungua mdomo atukane, kikatoka kicheko. Kicheko cha mtu aliyechoka, kisicho na breki. Akacheka mpaka akashika ubavu, na machozi yakamtoka, na binti hakujua acheke naye au amwombe radhi, akafanya yote mawili.

“Huo mkanda nipeni kwanza,” mzee akasema dirishani.

Walitia boliti ndefu kwenye puli ya nyuma, lile gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda, wakaikaza, pande zake mbili zikaachana, mkanda ukalegea wakauvua. Mzee akaupokea kupitia dirishani pamoja na ule mpya waliokuwa wameuweka akiba, akaulaza mmoja juu ya mwenzake tumboni pake.

“Msimtwike mtoto lawama zote,” akasema. “Mkanda huu umekonda kitambo. Ona mbavu zake, zinang'aa kama kioo. Huku ni kuungua. Ulikuwa unalia kabla ya mafuta. Mke wangu, kilima unakipanda na gia gani?”

Mama Mbio akajifanya anatafuta kitambaa.

“Nakuuliza wewe.”

“Ya mbio.”

“Na madumu yote?”

“Sasa niyaache kwa nani? Niende mara mbili, wewe nani akugeuze?”

 Mzee aliurudisha mkanda mpya dirishani, akautolea nje taratibu kama anayempa mtu mtoto aliyelala.

Wakaendelea na kazi. Wakaosha puli zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti, wakarudia hadi kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Wakafuta kifuniko kwa ndani, wakaziba tundu la maji. Mama Mbio alitaka kuuvika mkanda mpya papo hapo; binti akamshika mkono.

“Mikono kwanza, mama. Ina mafuta.”

Wakanawa kwa sabuni. Kisha binti akautazama mkanda kwa karibu, akaona mshale mdogo umechapwa mgongoni, akaugeuza ili mshale uelekee mbele. Wakauvika, wakaitoa ile boliti ndefu, na binti akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, tena na tena, mpaka mkanda ukapanda juu ya puli ukakaa sawa. Mama Mbio alikuwa ameegemea ukuta. Macho yalijifumba yenyewe, akayafumbua kwa ukali kana kwamba kuna aliyemwona.

“Sikilizeni vizuri kuhusu kesho,” mzee akasema walipokwisha kufunga. “Mkanda mpya ni mgeni. Kwa siku za mwanzo hautaki mzigo mkubwa wala haraka. Kilimani gia ya nguvu, nusu ya madumu, halafu kurudi kuchukua nusu nyingine. Mkiulazimisha, utaungua kama mwenzake, na akiba hatuna tena.”

“Maziwa yatakayobaki nyuma yatachacha!” Mama Mbio akasema.

“Tutayaweka kwenye karai la maji kivulini,” binti akasema, “tuyafunike magunia yaliyoloweshwa. Yatangoja.”

Mama Mbio akapanda kujaribu. Alijiambia, polepole. Akawasha, na kidole gumba, kilichozoea miaka yote kukandamiza kishikio cha kuongeza mwendo hadi mwisho, kikakandamiza. Mbuzi akaruka, ndoo ikabiringika, kuku wakatawanyika wakitukana.

“Polepole!” mzee akapiga kelele.

Akazima. Akavuta pumzi, akawasha tena akiapa moyoni. Mbuzi akaruka tena. Hakuwa mkaidi, ni mkono uliokuwa hausikii tena, kama unavyokuwa mkono wa mtu aliyenyimwa usingizi. Akashuka akakiangalia kidole hicho kama cha jirani.

“Hebu panda wewe,” akamwambia binti.

Binti akafunga khanga yake vizuri, akapanda. Akatia gia ya nguvu. Mbuzi akaondoka kama mtu anayebeba uji wa moto. Akazunguka nyumba, akazunguka banda, akapanda kile kimlima cha nyuma ya choo bila mlio wa wii wala harufu yoyote, akarudi akasimama pale pale alipoondokea. Binti akazima.  Swali lake alishaliuliza, na kulirudia kwa mkwe ni utovu wa adabu. Akachukua kitambaa akaanza kufuta spana moja baada ya nyingine.

Mama Mbio akamtazama. Akawaza kilima, na majirani na ng'ombe wao, na sauti ya msimamizi kwenye simu. Akawaza kidole chake. Akamtazama mzee dirishani.

“Pale kwenye kona ya jiwe jeupe,” Mama Mbio akasema hatimaye, “usifuate alama za magari, shika kushoto. Msimamizi mwambie umetumwa na mimi, na usimwache akupunguzie kipimo.”

Binti akaacha kufuta. “Mama?”

“Uliniuliza kesho uende wewe. Nenda, mwanangu. Mimi nimechoka.”