Kandambili Uvunguni mwa Gari

Fundi aliponiletea kile kitu juu ya kipande cha gazeti, nilidhani ni panya aliyekufa. Kilikuwa cheusi, kinateleza, kinanuka matope na mafuta yaliyooza. Nikaziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Samahani, bibi," alisema. "Nimetaka ukione mwenyewe kabla sijakitupa."

Fundi huyu ana adabu. Tulipofika gereji mimi na binti yangu, alinipangusia kigoda kwa kitambaa safi, akakisogeza kivulini, ndipo akaingia uvunguni.

Gari lenyewe ni la marehemu mume wangu. Sasa analiendesha binti yangu huyo, mkunga. Simu ikilia, hata kama tonge liko mdomoni, anaondoka. Siku hizi lilikuwa likitikisa matako kama bata kila likikata kona, na likiingia shimoni linagonga ngo! ngo! Fundi alisema bushi za nyuma zimekwisha, vile vipande vya mpira vya mviringo vinavyozuia chuma kisigonge chuma pale mikono ya magurudumu inapoungana na gari.

"Haiwezekani," nilimwambia. "Shemeji yangu aliweka mpya mwaka jana."

Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu. Tunamwita Maridadi kwa ajili ya viatu vyake vinavyong'aa. Kila akiwa na safari ya kuonekana na watu, huja kuazima gari letu. Mwaka jana alilirudisha akijipiga kifua: "Shemeji, nimekuwekea bushi mpya kwa mkono wangu." Nilimshukuru, nikampakulia nyama mara mbili.

Fundi alikiosha kile kitu kwa sabuni, akakikunjua. Ulikuwa mpira uliokatwa kwa kisu, ukaviringishwa na kufungwa kwa waya. Matope yalipotoka, ikaonekana rangi ya waridi na nusu ya ua jeupe.

Nililijua ua lile.

Mjukuu wangu alipotelewa na kandambili zake mwaka jana. Tulizitafuta mpaka chini ya vitanda. Maridadi, amekaa hapo hapo sebuleni, akamwita mbele ya watu: "Wewe kila kitu unapoteza. Siku moja utapoteza na kichwa!" Mtoto akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Naye mtu mzima, aliyezikata kwa kisu chake, anamtazama tu.

Matope hayakunichefua. Matope yanatoka kwa sabuni.

"Na upande wa pili?" binti yangu akauliza.

"Ni hivyo hivyo, dada. Halafu wamezimwagia oili chafu ili zisilie. Oili na mpira haviivi chungu kimoja."

Binti yangu akakalia tairi kuukuu. "Mama, juzi nilimbeba mzazi na kichanga chake humu. Mvua inanyesha, tuko mteremkoni."

Nilimshika bega.

Fundi akaingiza bushi mpya kwa maji ya sabuni, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto soksi. Alikuwa bado hajazikaza Maridadi alipotokea getini, viatu vinang'aa.

"Fundi, bado tu? Kaza nilichukue, nina wageni wa kupokea."

"Bado, mzee. Nikikaza likiwa juu ya jeki, likishuka mpira utajisokota uchanike. Lishuke kwanza, likae kwa uzito wake."

"Bolti ni bolti! Mimi nilikaza likiwa juu na likatembea."

"Ulikaza nini, shemeji?" nikamuuliza, nikamfunulia gazeti.

Alitazama, akacheka. Alicheka kweli.

"Aa, hiyo! Mpira si mpira tu? Lilitembea, halikutembea?"

"Na mtoto je?"

"Mtoto gani?"

Alikuwa amesahau. Mtu huyu nimempakulia chakula kwa mikono yangu.

Akanyoosha mkono. "Haya, funguo, shemeji. Tusigombane kwa ajili ya kandambili."

Nilizitoa kifuani nilikozifunga, nikazipitisha mbele ya pua yake, nikampa binti yangu.

"Hutalishika tena gari hili. Leo tembea na viatu vyako. Vinapendeza, barabara nzima itavisifu."

"Shemeji! Mbele ya fundi?"

"Mtoto ulimgombeza mbele ya nani?"

Akaondoka akirukaruka madimbwi ya oili. Fundi alijifanya anatafuta spana mpaka Maridadi alipopotea kabisa, nikaona ni heshima yake kwangu. Kisha akalishusha gari, akajipenyeza chini, akakaza.

Njiani tulipita shimo lile lile ambamo gari liligonga tulipokuwa tukija. Kimya.

Nyumbani nilimwita mjukuu wangu sebuleni, wote wakiwepo, nikafungua gazeti. Akaziba pua.

"Bibi, kinanuka!"

"Kinanuka sana, mama. Ni kandambili yako. Babu yako Maridadi aliikata akaiweka kwenye gari."

Akaliangalia lile ua, hakuligusa.

"Kumbe sikuzipoteza?"

"Hukuzipoteza."