Mpaka Mlango wa Choo

"Nishike, lakini usinivute," alisema Kidawa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zikigusa sakafu, macho ameyakaza kwenye mlango wa choo ng'ambo ya korido.

Goreth alipiga magoti akauweka sawa mguu wa kushoto, ule uliogoma tangu kiharusi. Ulikuwa baridi kama samaki. "Leo ni kutoka kitandani mpaka kitini, mama. Kama juzi."

"Kitini, kitini. Nitaota mizizi kwenye hicho kiti."

Mvua ilikuwa imeunyeshea mtaa wa Overport wiki nzima, na fleti ilinuka nguo zilizokataa kukauka. Makame, mwana pekee wa Kidawa, alileta chai, akaaga, akashuka kwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Kidawa alingoja mpaka nyayo zake zikapotea kwenye ngazi.

"Unajua nani ananitawaza?"

"Najua, mama."

"Nimemzaa yule. Kila asubuhi ananibeba, ananivua, ananiosha, na macho kayafumba. Anaimba kaswida kwa sauti, eti nisiisikie aibu yake. Mimi naisikia, Goreth. Inapita katikati ya kaswida."

Goreth aliendelea kuuchua ule mguu baridi. Kwao Bujumbura alikuwa amewahudumia watu wengi kwenye kituo cha walemavu, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo kama hilo. Hapa Durban alikuwa msaidizi tu. Fizio ndiye anayempima mgonjwa na kupanga mazoezi. Msaidizi anafuata mpango, na mgonjwa akibadilika, kwa uzuri au kwa ubaya, msaidizi anasimama na kuuliza. Fizio wake aliitwa Thandeka. Kliniki nyingine zilitazama karatasi zake za ukimbizi na kumrudishia bila neno; Thandeka alimkaribisha kiti, akamsikiliza, kisha akakubali kumsimamia.

Akatoka koridoni, akampigia kuuliza kama mama anaweza kutembezwa mpaka chooni.

"Eish, Goreth," Thandeka alisema, nyuma yake mtoto wa mtu akilia. "Niko na wagonjwa mpaka jioni. Jumatatu nakuja kumpima. Usimtembeze kabla sijamwona."

"Lakini ana nguvu sasa. Anasimama vizuri."

"Siuogopi mguu wake. Kiharusi cha namna ile kinamfanya mtu ajione mzima. Leo ukimwonyesha kwamba anaweza, kesho hatakungoja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, sisi," akajibu; ndivyo walivyomwita dada hapa Durban.

Aliporudi chumbani alimkuta Kidawa amejitanda khanga mabegani na kuifunga kifuani kwa mkono mmoja, vibaya, kama mtu anayejiandaa kwenda mahali. Hakuomba kwa mdomo. Aliutazama tu ule mlango. Goreth alisimama na simu mkononi, akafikiria Jumatatu, na asubuhi zote zilizobaki kabla yake, na macho ya Makame yaliyofumbwa.

Akaisogeza fremu ya kutembelea mbele ya kitanda.

"Polepole," alisema. "Fremu kwanza. Halafu mguu mgonjwa. Halafu ule mzima."

Walikwenda. Kidawa aliuburuta mguu kama mtu anayevuta mzigo wa mtumba, akipumua kwa mdomo, na Goreth alitembea ubavuni pake, mkono mmoja umeushika mkanda aliomfunga mgonjwa kiunoni. Katikati ya korido goti lilitaka kukunjika. Goreth alilizuia kwa goti lake. Wakafika. Alimketisha.

"Sasa toka," Kidawa alisema. "Ufunge mlango."

Goreth alisimama nje, paji la uso likigusa ubao wa mlango. Alisikia maji ya kopo. Alisikia kimya. Kisha akasikia kitu alichodhani ni kilio, na ilimchukua muda kutambua kwamba mama yule alikuwa anacheka.

Kabla ya kuondoka alimshika mikono. "Usinyanyuke peke yako. Niapie."

"Wallahi," Kidawa alisema, uso wake ukiwaka kama wa bi harusi.

Jumamosi asubuhi, Makame alipokuwa ameshuka kununua mkate, Kidawa aliamka akaifuata fremu. Makame alimkuta koridoni, amelala ubavu, fremu juu yake, khanga imeloa. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Jumatatu Goreth alipofika kliniki, Thandeka alikuwa amekwishaongea na Makame. Alikuwa anakunywa kahawa kwa uchovu.

"Maskini Bi Kidawa. Mwanawe anasema aliamka tu, akaamua. Mama mwenyewe kawaambia hata watu wa ambulensi: hakuna aliyenifundisha, ni ukaidi wangu." Alitikisa kichwa. "Laiti ningekuja wiki iliyopita."

Ilikuwa imekwisha, basi. Mlango ulikuwa wazi, na Goreth angeweza kupita bila kusema chochote. Alitazama kikombe cha Thandeka, alama ya rangi ya mdomo ukingoni, akasikia sauti yake mwenyewe.

"Ni mimi. Nilimtembeza. Siku ile niliyokupigia."

Thandeka aliweka kikombe chini. Akainuka, akafunga mlango, akabaki amesimama akimpa Goreth mgongo.

"Nilikwambia nini?"

"Nisimtembeze."

"Na baada ya simu ukamtembeza."

"Ndiyo. Nisamehe, sisi. Kama ni kunifukuza…"

"Unadhani ni wewe watakayemwita?" Thandeka aligeuka. Hakuwa amepaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mbele ya baraza la taaluma yetu nitasimama mimi. Wewe ni mikono yangu, Goreth. Ndiyo maana ya kumsimamia mtu. Mikono yangu imefanya nisichokiruhusu."

Goreth alikuwa ameihofia kazi yake, kodi ya chumba chake Queensburgh, na aibu. Hilo la Thandeka hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Usimguse mgonjwa yeyote mpaka nikuite," Thandeka alisema. Kisha, akiketi: "Sijui nitakuita lini."

Mchana Goreth alikwenda hospitali, kama mgeni, na machungwa kwenye mfuko. Makame alipishana naye mlangoni mwa wodi. Alimwamkia kwa adabu, bila kumtazama usoni.

Kidawa alikuwa amepungua kitandani. "Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Mjinga wewe. Mimi nilikuwa nimekusitiri." Alifumba macho, na Goreth akadhani amelala. "Siku ile," akasema baadaye, "nilikaa mle ndani peke yangu. Nikasikia jinsi nyumba ilivyo kimya."

Mvua ilianza tena, ikafuta madirisha. Kidawa alikunja uso.

"Mguu umeteleza. Unauma. Uinue kidogo, mwanangu, uuweke juu ya mto."

Ilikuwa ni kazi ya pumzi moja. Mikono ya Goreth ilikuwa imekwishanyanyuka, viganja juu, inajua pa kushika: mmoja chini ya goti, mmoja kisiginoni. Akairudisha mapajani. Akanyoosha kidole, akabonyeza kengele iliyoning'inia kando ya kitanda.

"Hata wewe?" Kidawa alinong'ona.

"Hata mimi, mama."

Taa ndogo nyekundu iliwaka juu ya kichwa cha Kidawa. Korido ilijaa milio ya viatu vya mpira, vikija, vikipita, na wote wawili waliugeukia mlango.