Tundu Kwanza, Uzi Baadaye

Bi Mabruka aliombwa na bintiye, Nisreen, aiache nyumbani kofia aliyokuwa akiishona, akaitika "haya," kisha akaitia mkobani pamoja na sindano. Kukaa mikono mitupu siku kama hiyo kungemtoa roho! Miaka minne Nisreen amehangaikia shahada ya udaktari wa elimu ya anga, na leo, katika chuo cha katikati ya jiji, majaji watatu ndio wangeamua kama ataipata au atarudi nyumbani Mountain View na vitabu vyake tu.

Akaketi nyuma, akashona. Kofia ilikuwa ya Munir, muuza vitambaa, aliyeitaka kwa harusi ya Jumamosi.

Mwanzo mtoto alisema vizuri. Darubini zimeona mashimo meusi makubwa ajabu, enzi ambazo galaksi zilikuwa bado changa. Hoja yake ni kwamba baadhi yalizaliwa ulimwengu ulipoanza, kabla ya nyota yoyote, na galaksi zikajikusanya kuyazunguka.

"Ngoja," alisema Profesa Kaindi, mkali wa majaji wote. "Shimo jeusi huwa ni nyota imekufa. Sasa kama nyota hazikuwako, hiyo shimo ilitoka wapi?"

Nisreen alianza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Kabla hajajizuia, Bi Mabruka alishasimama, ameinua kofia juu.

"Profesa, kofia hutobolewa kwanza! Uzi ndio huja ukazunguka tundu. Ukingojea uzi uanze, utakufa kichwa wazi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nisreen naye alicheka mpaka machozi, na kicheko kikamfungua ulimi.

"Kofia si ushahidi, mama," alisema Kaindi akitabasamu. "Huko angani nani alitoboa?"

"Msongamano," Nisreen akadakia. Katika sekunde ile ya kwanza maada ilibanana mno, na palipozidi pakajiporomokea penyewe pakawa shimo. Akaugeukia ubao, akaujaza hesabu hadi pembeni, na Kaindi akaanza kutikisa kichwa kukubali.

Majaji walipomwita "Daktari Nisreen", Bi Mabruka alipiga kigelegele mpaka askari wa langoni akaja kuchungulia. Akamvika bintiye ile kofia juu ya ushungi, uzi ukining'inia sikioni.

Simu ikalia. Munir aliulizia kofia yake.

"Imeshapata kichwa chake," alisema Bi Mabruka. "Wewe nenda harusini kichwa wazi."