Trekta la Futi Sita

Corbett Stidham alipomwambia mkewe kwamba anataka kununua trekta dogo, Delphia hakushangaa. Wanaume wengi wa bonde letu wakishastaafu kwenye mgodi wa makaa hutafuta kitu cha kupanda na kuungurumisha. Kilichomshangaza ni kwamba mumewe, mtu aliyevaa jozi moja ya viatu kwa miaka tisa, hakuulizia bei.

Alisema ni kwa ajili ya mtaro nyuma ya nyumba, na theluji, na kokoto za barabarani ambazo kila masika huteremkia kijitoni. Delphia akamwambia mtaro ule hata yeye angeuzibua kwa jembe asubuhi moja. Corbett akaendelea kula maharage yake na mkate wa mahindi kana kwamba hakusikia.

Jumamosi wakaenda mjini, kwenye yadi ya Bwana Teague. Teague alikuwa mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi, na alianza na maswali ya kawaida: eka ngapi, mlima au tambarare, majani au theluji. Akawaonyesha trekta jekundu, jipya, lenye koleo kubwa la kubebea mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Akasifu injini. Akasifu kiti. Akasema koleo lile hunyanyua mzigo ambao wanaume wanne wangeuacha chini.

Corbett alitoa tepu mfukoni, akainama, akapima kutoka tairi hadi tairi. Kisha akazunguka nyuma, akashika ule mkono wa chuma.

"Huu unafika chini kiasi gani?"

"Futi tano, mzee, na kidogo. Bomba la maji, bomba la choo, msingi wa banda, vyote unamaliza."

"Hautoshi."

Teague akacheka. "Kwani unataka kumzika nani?"

Corbett akaikunja tepu taratibu, akairudisha mfukoni, akamshukuru, akaelekea kwenye gari. Teague alibaki na kicheko nusu mdomoni. Akamtazama Delphia kama anayetaka aelezwe, lakini Delphia alikuwa ameshaanza kumfuata mumewe.

Kuanzia siku ile akaanza kumchunguza mumewe. Alimwona akipanda kilimani peke yake, ambako ukoo wa Stidham huzikwa, akipumzika mara tatu njiani, na tepu mkononi. Alimwona akinunua mbao nane nene za mwaloni na kuzipanga bandani, kila moja ya urefu uleule. Alimkuta amepeleka suti yake kwa dobi ilhali hapakuwa na harusi wala sherehe. Alipomuuliza, alijibu kwamba nguo ikikaa sana huliwa na nondo.

Nitasema Delphia alichokuwa akikiogopa, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia baadaye. Ng'ambo ya kijito aliishi Arvil, kaka yake Corbett, na ndugu hao walikuwa na miaka kumi na mmoja hawajasalimiana. Arvil alikuwa amekata miti ya baba yao, mijozi myeusi kumi na minne ya mbao ghali, akaiuza bila kumwuliza mtu. Tangu hapo wakikutana dukani mmoja huweka chini alichoshika na kutoka. Masika yale Arvil alikuwa amefunga mnyororo kuziba njia ya chini waliyokuwa wakiitumia wote, na Corbett aliutazama mnyororo ule kutoka barazani kila jioni. Delphia akachomoa komeo la bunduki ya kuwindia isiweze kufyatuka, akalifunga kwenye kitambaa na kulizika ndani ya pipa la unga.

Mwezi wa nane wakaenda yadi ya pili, mwendo wa saa mbili kwa gari, iliyokuwa ya mwanamke mmoja aliyerithi biashara kwa baba yake. Huko kulikuwa na trekta la bluu, lililotumika miaka sita. Koleo lake la mbele lilikuwa dhaifu kuliko la lile jekundu, na kiti kilikuwa kigumu kama benchi la kanisa. Lakini mkono wa nyuma ulifika chini futi sita na inchi moja, na upana wa trekta lenyewe, Corbett alipopima mara mbili, ulikuwa inchi arobaini na nane.

Yule mwanamke hakuficha kitu. Alisema trekta dogo namna ile ni jepesi, na kwenye mteremko huinuka tairi moja kabla dereva hajajua. Koleo la mbele liwe chini wakati wote wa kuchimba. Chuma cha kumkinga dereva kichwa trekta likipinduka kisikunjwe hata siku moja. "Nimeshazika wateja wawili waliokikunja," alisema.

Corbett alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama mtu ambaye hajawahi kuendesha kitu cha namna hii anaweza kufundishika.

"Inategemea. Mtu gani?"

"Mtu wa miaka sitini na sita."

Yeye Corbett alikuwa na sabini na moja. Delphia ndiye aliyekuwa na sitini na sita. Alisimama pale kati ya matrekta, jua la kiangazi kichwani.

Waliandikishana, wakaondoka. Kabla ya kufika barabara kuu Delphia akamwambia asimamishe gari, naye akasimamisha pembeni, karibu na shamba la tumbaku. Akamwuliza ni shimo la nani.

"Langu," Corbett alisema.

Mwezi wa pili daktari alikuwa amempiga picha ya kifua. Vumbi la makaa la miaka thelathini na miwili mgodini lilikuwa limegeuka jiwe humo ndani. Alipewa mwaka, labda pungufu. Alikuwa amekaa na habari hiyo miezi sita, akila na kulala nayo. Wanaume waliokuwa wakichimba makaburi ya kilimani kwa sepetu, jirani yao Estil na ndugu wa kanisani, wote sasa walikuwa wamelala hukohuko juu. Vijana walihamia Ohio. Mashine ya kampuni ya mazishi haipiti kwenye lango la mawe la makaburi ya ukoo, na ukuta ule aliujenga babu yake kwa mkono; hakutaka hata jiwe moja liondolewe kwa ajili yake. Wangempeleka makaburi ya wilaya, kule tambarare, kando ya barabara ya malori.

"Nitalichimba mwenyewe nikiwa na nguvu," alisema. "Nikishindwa, utamalizia wewe."

Delphia akamgeukia. "Trekta umelipima kila upande," akasema. "Mimi hukunipima kama nitaliweza hili."

Corbett akawasha gari.

Trekta lilishushwa mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi, majani ya milima yakiwa mekundu, akalipandisha kilimani. Lango lilimwachia inchi tatu kila upande. Kazi ambayo fundi angeimaliza asubuhi moja ilimchukua siku nne, kwa sababu kila nusu saa ilimbidi kuzima injini na kukohoa. Alichotema kilikuwa cheusi. Kwenye futi ya nne alikutana na mwamba, akaukwangua hadi ukakubali. Alipomaliza alipanga zile mbao nane juu ya shimo, akaweka bati, akaweka mawe juu ya bati.

Sasa likawa jambo la kuishi nalo. Dirisha la jikoni la Delphia linatazama kilima. Akiosha vyombo aliliona lile bati liking'aa, asubuhi upande huu, alasiri upande ule. Alining'iniza pazia, kisha akaliondoa, maana kutoliona kulikuwa kubaya zaidi. Watu wa bondeni tulipunguza kuwatembelea. Hatukujua tuongee nini. Mchungaji alikwenda kumwonya Corbett kwamba si vizuri mtu kuitangulia siku yake. Corbett akammiminia kahawa, akamwuliza siku hiyo ikifika atakuja na sepetu yake au atakuja na Biblia peke yake. Mchungaji alikunywa kahawa, akaenda zake.

Mwezi wa kumi na mbili, baridi ikiwa imeshaigandisha ardhi kina cha futi nzima, Arvil alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mzima, hajawahi kulazwa. Mkewe, Maylene, alisikia shoka likikoma, akasubiri lianze tena. Halikuanza.

Kesho yake Maylene alivuka daraja la miguu, akaja mlangoni kwa Corbett. Delphia akamkaribisha, lakini hakutaka kukaa.

"Shemeji," alimwambia Corbett, "najua hamkuwa mnaongea. Sikuja kumwombea msamaha, hilo ameondoka nalo mwenyewe. Nimekuja kuomba shimo."

Ardhi haikuingilika, alieleza, na Arvil alitaka kulala karibu na mama yao. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Delphia alimtazama mumewe. Alidhani atainuka na kutoka, kama alivyozoea kutoka dukani. Corbett alikaa akivuta pumzi kwa ile sauti ya mluzi aliyokuwa nayo siku hizo, akitazama mikono yake.

"Mbao ziko nane," alisema mwishowe. "Msizivunje wakati wa kuziondoa."

Nilikuwepo kwenye mazishi hayo. Watu hawakuzidi ishirini. Jeneza lilipokwisha kushushwa, Corbett alipanda trekta, akaanza kuusukuma udongo kwa koleo la mbele, kidogo kidogo, kwa uangalifu kama anayemfunika mtoto. Kabla ya koleo la mwisho alizima injini, akashuka, akasimama ukingoni. Midomo yake ilicheza. Alichokisema hakuna aliyekisikia, na Delphia hakumuuliza kamwe.

Baada ya siku ile Corbett hakuweza tena kukipanda kiti cha trekta. Wakamletea nyumbani mtungi wa hewa wenye mipira ya puani. Mwezi wa kwanza hali ya hewa ikalegea kwa juma moja, matone yakaanza kudondoka paani, na asubuhi ya pili Corbett akavaa koti lake na kumwambia mkewe kwamba shimo jingine litachimbwa leo.

Delphia alimpandisha kwa gari hadi ukutani, akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, blanketi magotini, mtungi ubavuni. Kisha akapanda trekta. Alikuwa ameshafundishwa wiki tatu uwanjani kabla ya ardhi kuganda, akichimba na kufukia mahali palepale, lakini uwanja ni tambarare, kilima ni kilima. Akateremsha miguu ya chuma ya pembeni, ya kulizuia trekta lisiyumbe. Akavuta leva. Mkono ukashuka, ukauma udongo.

Kwa saa mbili kazi ilikwenda. Corbett alimwelekeza kwa kidole tu, kuokoa pumzi. Kwenye futi ya tatu Delphia alichota udongo uliolowa, mzito kuliko wote, akaugeuza mkono kuelekea upande wa bondeni. Mguu mmoja wa chuma ukazama kwenye matope. Akahisi kiti kinainama. Tairi la upande wa juu liliachana na ardhi, likabaki hewani likizunguka polepole, na mbele yake akaona paa la nyumba yake mwenyewe, chini kabisa, limekaa mshazari.

"Teremsha mkono," Corbett alisema. Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza. "Usiruke. Teremsha."

Aliteremsha. Mkono uligusa ardhi, trekta likatetemeka, tairi likarudi chini kwa kishindo kilichogonga meno yake. Alikaa ameshika leva mbili. Alipoangalia ukutani, Corbett alikuwa amesimama, mipira imemtoka puani, amenyoosha mikono yote miwili kana kwamba angelidaka.

Akamrudisha kitini. Akamrekebishia mipira. Kisha akapanda tena, na saa tisa alasiri tepu ikasoma futi sita.

Corbett aliomba kuliona shimo. Alilitazama muda mrefu, amemwegemea mkewe.

"Upande wa kushoto haujanyooka," alisema.

Delphia akapanda, akaunyoosha.

Corbett alifariki tarehe tisa mwezi wa tatu, mchana, akiwa usingizini. Delphia ndiye aliyemfukia. Hakuruhusu mtu mwingine akalie kiti kile.

Tulidhani angeliuza trekta. Badala yake, kabla ya masika kwisha, familia moja ya bonde la juu ilimpigia simu, kisha nyingine. Mimi nilimpigia Delphia siku mama yangu alipofariki. Alikuja asubuhi na chupa yake ya kahawa, akachimba, kingo zimenyooka kama za sanduku, akakataa kubaki kwenye ibada. Amekonda. Anaongea kidogo. Watu wakiliona lile trekta la bluu nyuma ya gari lake barabarani, huhesabu wagonjwa wao.

Wiki iliyopita alifika kwetu bila kuitwa. Nilimkuta kwenye makaburi yetu, akitembea polepole kwenye nafasi iliyobaki karibu na mama, akibonyeza udongo kwa kisigino cha buti. Nikamwuliza kama kuna tatizo.

"Hapa atalala nani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, hatujapanga.

Akanitazama usoni, muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akatazama milima ambako majani yameanza kubadilika.

"Baridi ya mwaka huu itakuwa kali," alisema. "Ungenijulisha mapema, kabla ardhi haijaganda."