Benchi la Wenye Mali

Siku baraza la mji lilipokutana kupanga viwango vya kodi ya majengo vya mwaka, mama yangu alikunywa chai yake yote akaomba nyingine. Mimi mkate wangu niliuacha mezani. Nilimtazama akijipaka mafuta miguuni na kuchagua mtandio kana kwamba tunakwenda harusini, nikakasirika. Kuna watu wakitulia nawe unatulia, na kuna watu wakitulia wanakutia wazimu. Mama yangu ni wa aina ya pili.

Nyumba yetu iko kwenye mtaa unaoshuka kutoka kituo kipya cha mabasi. Zamani ulikuwa mtaa wa kulala na kuamka tu, hata kiberiti ulikifuata mbali. Kituo kilipofunguliwa wapita njia wakawa wengi, mama akampangisha kinyozi chumba cha mbele, cha pili akampa fundi viatu, na mimi nikaweka cherehani yangu barazani. Hiyo ndiyo biashara yote. Lakini afisa mapato alipita na kamera yake, akaliona bango la kinyozi, akapendekeza mtaa mzima uhamishwe kutoka daraja la makazi kwenda daraja la biashara. Kwa lugha ya jikoni, kodi ya nyumba ingepanda mara tatu. Pango la vyumba viwili, ambalo ndilo linalomlisha mama na kumnunulia dawa za presha, lingeliwa lote na bado tungedaiwa. Ingebidi kuuza.

Na mnunuzi alikuwa tayari. Ng'ambo ya barabara kuna muuza vifaa vya ujenzi tunayemwita Bwana Misumari. Tangu habari za daraja jipya zivuje, alianza kutusalimia mara mbili mbili. Jioni moja nilimkuta anapita mbele ya nyumba yetu kwa hatua ndefu za kupimia, midomo inacheza, nikamuuliza kama amedondosha kitu. Akasema ananyoosha miguu. Nikamwambia akainyooshee kwake.

Mama alijenga nyumba ile kwa kufua mashuka ya hospitali. Baba alifariki msingi ukiwa ndiyo kwanza unafika magotini, na mashemeji wakamshauri auze kiwanja arudi kwao. Hakuuza. Kila mwaka aliongeza ukuta mmoja, na mwaka wa mabati tulijifunza kushinda na chai. Kwa hiyo neno kuuza halikutamkwa nyumbani kwetu. Tulisema "ile habari", na hata hilo tulilisema kwa sauti ya chini.

Tumaini letu lilikuwa kaka yangu. Yeye ni fundi saa, na ni diwani. Watu walimchagua kwa sababu ukimwachia saa yako anakurudishia saa ile ile, jambo ambalo kwa mafundi si dogo. Kasoro yake ni moja, hasemi. Ukimuuliza jambo anaguna, anatazama pembeni, kisha anasema "tutaona". Mtaani wamempa jina hilo hilo, Tutaona. Kwenye kikao cha kamati kilichotangulia, mjadala wa mtaa wetu uliwaka, yeye akakaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Umbeya hauna miguu lakini unatembea. Mama alipata habari kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Hakumuuliza kitu. Ila wiki ile chumvi ilizidi kwenye kila chungu, nikajua kichwani kwake hakukaliki.

Hesabu ilikuwa inajulikana mji mzima. Madiwani wanne walitaka mtaa upandishwe, wanne hawakutaka, na wa tisa alikuwa Tutaona. Mwenyekiti hupiga kura pale tu zinapofungana, na alishasema waziwazi kwamba mitaro inafurika, taka hazizolewi, na pesa haziokotwi barabarani. Sikuweza kumchukia kwa hilo. Mitaro kweli inafurika.

Lakini kulikuwa na jambo nililolijua mimi peke yangu. Jana yake kaka alikuja barazani, akijifanya ameleta suruali ya kupunguzwa kiuno. Alikaa mpaka mteja wa mwisho akaondoka, ndipo akaniambia kwamba atapinga. Hataishia kuinua mkono, atasimama na kusema. Akaniomba nimsikilize. Akasimama kando ya cherehani, kofia mkononi, akayatoa maneno yake, mafupi na yamenyooka, kuhusu mjane aliyejenga ukuta mmoja kwa mwaka. Mwanzoni sauti ilimtetemeka, kisha ikakaa. Nilijifanya natafuta uzi sakafuni ili asiyaone macho yangu.

Nilimwambia aende ndani akamweleze mama. Alikataa katakata. Alisema mama akijua atakuja kumkazia macho, naye atasahau kila neno.

"Asikie siku hiyo hiyo, dada," akasema. "Nataka asikie hapo hapo."

Akaniapisha nisimwambie. Nikaapa.

Ukumbi wa baraza una meza ndefu ya madiwani mbele, viti vya plastiki vya wananchi nyuma, na feni moja inayozungusha joto lile lile. Pia una kanuni yake. Kabla ya kila ajenda katibu husimama na kusoma kwamba diwani mwenye mali katika jambo linalojadiliwa ajitaje, atoke, akae nje hadi kura ipigwe. Nje, kwenye korido, kuna benchi la mbao, na watu wanaliita benchi la wenye mali. Kanuni inatazama jina lililo kwenye hati, basi. Haitazami mama wala shangazi, maana katika mji ambao kila mtu ni shemeji ya mtu, ukumbi ungebaki na viti na feni. Ndiyo maana kaka hakuwa na hofu ya kutolewa. Nyumba ilikuwa ya mama, na yeye mwenyewe amepanga upande wa pili wa mji.

Mama hakuwahi kukanyaga ukumbi ule. Ilianza ajenda ya maghala, katibu akasoma kanuni yake kwa sauti ya mtu aliyeichoka, na diwani mmoja mwenye ghala akainuka akatoka. Mama akaniinamia sikioni.

"Mtu mzima mzima, hata haja ndogo hawezi kuisubiri," akanong'ona.

Nilitabasamu tu. Sikuwa na moyo wa kueleza kanuni za baraza. Macho yangu yalikuwa kwa Bwana Misumari, aliyekaa safu ya mbele amevaa koti, akijifuta jasho kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Maghala yalipokwisha, mwenyekiti alitoa mapumziko mafupi. Ajenda iliyokuwa inafuata ilikuwa yetu. Kaka alitoka koridoni kuvuta pumzi, na mara mama akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya kaki, akamfuata. Mlango ulikuwa wazi, niliwaona vizuri ila sikusikia. Mama alikuwa anaongea, kaka ameinamisha kichwa kama alipokuwa mtoto wa shule. Mama akampa bahasha. Kaka akaifungua, akasoma, akasoma tena, na uso ukampauka. Nikadhani mama amemlilia.

Mama alirudi akakaa, akauweka sawa mtandio wake. Alikuwa anang'aa.

"Umempa nini?" nikamuuliza.

"Nyumba."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, bila kuniangalia, kwamba siku ile aliyoaga kwenda kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, alikwenda kwa wakili na kisha ofisi ya ardhi. Hati mpya ilitoka juzi. Ina jina la kaka yangu.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Alinyamaza kule kwenye kamati kwa sababu haimuumi. Sasa ni yake. Tuone kama atanyamaza."

Sitadanganya, kitu cha kwanza kilichonipanda ni wivu. Mimi niliye naye asubuhi na jioni, ninayempimia dawa, ninayemgombeza Bwana Misumari kwa niaba yake, hata kuulizwa sikuulizwa. Wivu huo ulinitawala kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha madiwani wakarudi kwenye viti vyao, katibu akasimama na karatasi yake, nami nikaikumbuka kanuni.

Alisoma kwamba ajenda inayofuata ni kuhamisha mtaa wetu kwenda daraja la biashara. Akasoma kwamba diwani mwenye mali katika mtaa huo ajitaje.

Kaka alikuwa amekaa wima, bahasha iko chini ya kiganja chake. Nani alijua? Mama, wakili, karani wa ardhi, mimi, na yeye. Pale mezani hakuna aliyekuwa akimtazama. Katibu alikuwa tayari anavuta karatasi ya pili. Maisha yangu yote nimemwomba mtu yule afungue mdomo, na dakika ile nilimwomba Mungu aufunge. Nilimkodolea macho hadi yakaniwasha. Guna, nikasema moyoni. Tazama pembeni. Sema tutaona.

Kaka akasimama.

Mama akanibana goti kwa vidole vyake vigumu vya ufuaji. "Umeona?" akanong'ona. "Si nilikwambia? Amesimama."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," kaka akasema, "nina nyumba kwenye mtaa huo."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Mwenyekiti aliinua nyusi, kisha akamshukuru kwa uungwana wake. Kaka akachukua kofia na bahasha, akapita katikati ya viti akiwa ametazama mbele, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Mama alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu. Aliniuliza kaka anakwenda wapi. Aliniuliza tena, kwa sauti iliyowafanya watu wageuke, kama naye amebanwa na haja. Mbele kule watu wawili walisema kuunga mkono, wawili wakasema kupinga, maneno ya kawaida ya mitaro na kituo cha mabasi. Hakuna aliyetaja mjane. Hakuna aliyetaja ukuta.

Mikono ikainuka minne. Ikashuka, ikainuka mingine minne. Mwenyekiti akavua miwani, akasema anasikitika kwamba mji unahitaji mapato, akainua wake. Bwana Misumari alikunja kitambaa chake mara mbili na kukirudisha mfukoni. Simsingizii furaha, lakini alikikunja vizuri sana.

"Mkono wa mwanangu haujahesabiwa," mama akasema.

Nikamwambia. Nilimweleza kanuni kwa maneno machache niliyoweza kuyapata, yule wa ghala, jina lililo kwenye hati, benchi. Sikumwambia alichoniapisha kaka. Mama alinisikiliza akitazama feni. Nilipomaliza, alichukua mkoba wake akainuka, nami nikamfuata.

Kaka alikuwa amekaa peke yake mwishoni mwa benchi, bahasha iko magotini. Mama akakaa karibu naye. Ndani tulisikia viti vikiburutwa. Nilitaka kumfokea mama kwa kutomwamini mwanawe, na kaka kwa uungwana wake wa kijinga, na mwisho sikumfokea mtu.

"Ungepiga kura gani?" mama akauliza.

Kaka aliinua macho akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kumruhusu. Kiapo kilikuwa hakina kazi tena. Akashusha pumzi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akaanza, akiwa anatazama ukuta wa korido, "mtaani kwetu kuna mjane aliyejenga nyumba kwa kufua mashuka ya wagonjwa. Alijenga ukuta mmoja kwa mwaka."

Aliyasema yote. Sauti ilitetemeka mwanzoni kama barazani kwangu, kisha ikakaa. Alisema kuhusu mwaka wa mabati. Alisema kwamba bango la kinyozi halimgeuzi mama wa watu kuwa tajiri, na kwamba mji unaomtoa mzee kwenye kuta zake ili ujenge mitaro utapata mitaro lakini hautapata uso wa kumtazama. Yalikuwa mazuri zaidi kuliko jana. Mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na hakukiondoa hadi kaka alipomaliza.

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile bahasha kutoka magotini mwa kaka na kuiweka kwenye mapaja yake mwenyewe.

"Nikiichukua mimi," akasema, "si inakuwa yangu tena?"

Kaka alifungua mdomo, lakini mlango wa ukumbi ukafunguka kabla hajajibu. Katibu akachungulia, mtu mwema tu anayefanya kazi yake.

"Mheshimiwa," akasema, "sasa unaweza kuingia."

Nilikuwa nimeshamweleza mama kwamba kura imekwisha. Alikuwa amenisikia. Hata hivyo aligeuka akamsukuma kaka begani, kwa mkono ule ule uliokuwa ukimsukuma kwenda shule.

"Nenda, mwanangu," akamwambia. "Kaseme vile vile."

Kaka akasimama, akachukua kofia, akaingia. Ajenda iliyofuata ilikuwa taa za kituo cha mabasi.